Tuongezee Hewa Kidogo

Nilimaliza chuo kikuu wakati serikali imeacha kuajiri na viwanda vinapunguza watu. Shahada yangu ya kemia ilikaa ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, nami nikawa nazunguka Dar es Salaam kwenye ofisi ambazo mabawabu wake walikwisha kunizoea, hata wakaacha kuniuliza nimemfuata nani. Ndipo mwalimu wangu mmoja akanipeleka kwenye mradi. Miaka ile neno mradi lilikuwa na utamu wake. Lilikuwa na kiyoyozi, kompyuta iliyofunikwa kitambaa isiingie vumbi, na posho mtu akisafiri.

Mradi wetu ulitakiwa kuhesabu hewa zinazotoka nchini kwetu na kuipasha dunia joto, halafu kukadiria zitakazotoka kwa miaka ishirini na tano mbele. Mwenzangu mmoja alipewa ng'ombe, mwingine mpunga, mwingine magari. Mimi nilipewa chokaa. Jiwe la chokaa likichomwa, karibu nusu ya uzito wake huondoka likiwa hewa ya ukaa. Moshi wa mafuta ya kuchomea ulikuwa na mtu wake. Yangu mimi ilikuwa ile hewa iliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, ambayo tanuri huifungulia mlango ikaondoka. Hakuna anayeitaka wala anayeiuza. Ni masazo tu ya kutengeneza chokaa.

Kiwanda kikubwa kwenye orodha yangu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tanga, upande wa barabara ya Muheza, na msimamizi wa tanuri lake alikuwa mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama. Mkuu wa mradi, mtu mpole aliyekuwa akifuta miwani kila anapozungumza, alifurahi kusikia hivyo kwa sababu sitahitaji kulipiwa nyumba ya wageni.

"Lakini kimesimama," nilimwambia. "Hakijachoma jiwe miaka kadhaa sasa."

"Kimesimama kwa sasa. Soko huria linakuja, vitafufuka vyote."

"Kwa ushahidi gani?"

Alivaa miwani ili anione vizuri. "Makadirio hayaanzi na ushahidi, binti. Yanaanza na dhana. Nenda Tanga."

Nilikwenda nikiwa na hasira kidogo. Chuoni nilikuwa nimejijengea sifa ya kuuliza, na nilikuwa najivunia sifa hiyo kuliko maksi zangu. Kukadiria hewa ya kiwanda kilichokufa niliona ni sawa na kumpimia marehemu kanzu ya Idi.

Nyumba ya mjomba ilikuwa Ngamiani. Asubuhi ya kwanza, mkaza mjomba akiwa uani anageuza vitumbua, nilimwona mjomba anatoka na baiskeli yake, ovaroli limefuliwa, chupa ya chai imefungwa kwenye keria.

"Anakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwa mke mwenzangu," alisema mkaza mjomba bila kuinua macho kwenye karai. "Yule wa chuma. Amelala chali mwaka nenda mwaka rudi, hapiki, hafui, na kila kukicha lazima ageuzwe ubavu. Mie nikiumwa mgongo naambiwa nijinyooshe."

Vitumbua vile ndivyo vilivyokuwa vikiilisha nyumba. Maneno yale aliyasema kwa kicheko, lakini karai aliligonga na kijiti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake nilikwenda na mjomba, nimekaa kwenye keria na chupa ya chai mapajani. Kiwanda kilikuwa cheupe bado, mabati, miti, hata buibui wamevaa vumbi la chokaa lililoganda kwa mvua za miaka. Mipapai ilikuwa imeota palipokuwa pakiegeshwa malori. Tanuri lenyewe lililala katikati: bomba la chuma refu kama mabasi kadhaa yaliyopangwa mkia kwa pua, limeinamia upande mmoja kidogo, limekaa juu ya magurudumu mazito ya chuma, na ndani yake limejengwa matofali yanayostahimili moto. Siku zake, jiwe liliingia juu na chokaa ikatoka chini, huku bomba zima linazunguka taratibu.

Wawili walikuwa wameshafika. Mmoja alikuwa mzee wa Kipemba, aliyeingia Tanga kijana na kuzeekea kwenye magia ya tanuri lile. Mwingine alikuwa fundi umeme, Mbondei, mdogo kwa wenzake, mwenye ulimi mwepesi.

"Shikamoo," nilimwamkia Mpemba.

"Marahaba. Ndo huyu msomi wenu?" Akanipa mpini mrefu wa chuma uliochomekwa kwenye giaboksi ndogo chini ya tanuri. "Basi shikamoo peke yake haitoshi hapa, bibie. Shika na huu."

Tulizungusha kwa zamu, wawili wawili, mpaka mikono ikafa ganzi. Tanuri halikuonekana kusogea. Ilikuwa ni alama ya chaki kwenye ganda lake iliyoonyesha kwamba linapanda, kidogo kidogo, kama kivuli. Lilipomaliza robo ya mzunguko, mjomba akafuta alama ya jana kwa kitambaa na kuchora ya leo.

Waliniambia kwa nini. Bomba la uzito ule likilala upande mmoja muda mrefu, uzito wake wenyewe hulivuta chini katikati, likapinda mgongo. Likishapinda, siku utakayoliwasha litatikisa matofali yote yaanguke. Kiwanda kilipofungwa mafuta ya injini ndogo ya kuligeuzia yalikwisha, walinzi wakapunguzwa, meneja akahamishwa. Wao watatu wakaendelea kuja.

"Nani amewaagiza?" nikauliza.

"Hapana mtu."

"Basi mnajuaje kwamba kweli litapinda? Nani amewahi kuliacha akaona?"

Mjomba alijifuta jasho. "Hatujui. Wataka tuliache tuone?"

Fundi umeme alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Lile lilikuwa swali halali, na jibu lake pia lilikuwa halali, na sikuwa nimezoea kukutana na vyote viwili mahali pamoja.

Wiki ile nilikaa kwenye ofisi ya zamani ya uzalishaji nikipitia majalada na kuchora mstari wa chokaa iliyotoka kila mwaka. Ukianzia miaka ya mwanzo, kiwanda kipya, viwanda vya sukari vinataka chokaa, nyumba zinajengwa, mstari unapanda vizuri tu. Ukiuendeleza kwa rula unatoka nje ya karatasi. Ukianzia miaka ya uhaba, mafuta mazito hayaji, matofali ya tanuri yanangoja fedha za kigeni, mkanda wa kupandishia mawe umeshonwa kwa kamba za katani, basi mstari unashuka hadi unagonga sakafu na kulala hapo. Rula ni ile ile. Yote yalitegemea unapoiweka. Nilitazama mistari yangu miwili nikaona elimu yangu yote imenifikisha kwenye uamuzi ambao ungeweza kufanywa kwa kurusha sarafu.

Siku moja, wakati wa chai, Mpemba aliniuliza naandika nini mchana kutwa. Nikawaeleza: naandika hewa itakayotoka kwenye tanuri hili, mwaka kwa mwaka, miaka ishirini na tano.

Mjomba aliweka kikombe chini. "Miaka ishirini na tano?"

"Ndiyo."

"Na karatasi hiyo yaenda wapi?"

"Dar. Halafu ng'ambo, kwenye mkutano wa mataifa."

Walitazamana. "Kwa hiyo," mjomba alisema polepole, "serikali imetuandika mpaka miaka ishirini na tano."

Sikumwelewa. Nilidhani amevutiwa na urefu wa muda, kama nilivyovutiwa mimi mara ya kwanza. Niliendelea kunywa chai yangu.

Ijumaa, baada ya sala, Mpemba na fundi umeme walikuja nyumbani, wamevaa kanzu na kofia, na mkaza mjomba akaleta sinia la wali wa nazi na kuku wa kuchoma. Nilikaribishwa kula nao, jambo ambalo lingetosha kunitahadharisha. Paja likawekwa upande wangu. Tulipokwisha kunawa, mjomba akakohoa kama anayefungua mkutano.

"Tumekaa, tumezungumza. Sisi ndo kamati ya wafanyakazi iliyobakia. Tumeona tukuletee ombi."

"Ombi gani, mjomba?"

"Twakuomba utuongezee hewa kidogo."

Nilidhani wanatania. Watu wa Tanga hutania na uso mkavu. Lakini Mpemba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekuja kuposa, na hata fundi umeme alikuwa kimya.

Ilinichukua muda kuwaelewa. Miaka yao yote ya kazi, karatasi kutoka Dar yenye miaka ijayo na tarakimu zake ilikuwa ni mpango. Kila kiwanda kilipangiwa lengo, na kwa kadiri ya lengo ndivyo kilivyogawiwa mafuta, vipuri na fedha za kigeni. Aliyetaja dogo alipewa dogo. Kwa hiyo walijifunza, kama viwanda vyote vya umma vilivyojifunza, kwamba tarakimu ikija kuulizwa hutajwa kubwa, kisha lawama za kutoifikia zitajadiliwa mwakani. Sasa wamemwona mtoto wa dada yao amekuja na karatasi ya miaka ishirini na tano, na hewa yenyewe haipatikani bila kuchoma jiwe. Wakapiga hesabu. Hewa nyingi ni mawe mengi, mawe mengi ni tanuri linalowaka. Aliyeandikiwa hewa hawezi kuuzwa chuma chakavu.

Hilo ndilo lililokuwa likiwanyima usingizi. Viwanda vilikuwa vinauzwa kimoja baada ya kingine, na wale waliokuja kuvitazama walikuwa na mizani za vyuma vikuukuu.

"Mjomba," nilisema, "hewa hii ni mbaya. Dunia nzima inataka kuipunguza. Inaongeza joto."

"Joto la Tanga walijulia wapi?" alisema Mpemba. "Mie nafuta jasho tangu nimeshuka bandarini, na tanuri mmelizima wenyewe. Joto halikupungua."

"Si joto la leo, mzee. La miaka mingi ijayo."

"Ngoja, ngoja." Fundi umeme alisogea. "Wataka kupunguza, sivyo? Sasa watapunguza nini kama hapana kitu? Andika nyingi. Nyingi sana. Halafu waje wapunguze, sisi tubaki na yetu ya kuchomea chokaa."

Hoja ile niliisikia tena baadaye, kwenye semina, ikisemwa na mtu mwenye tai, kwa maneno marefu zaidi.

"Mnamnunua mtoto kwa paja la kuku?" mkaza mjomba aliuliza toka mlangoni. "Angalau mngempa na kidari."

"Wee, twazungumza kazi hapa," mjomba alisema.

"Kazi! Ipi? Nionyeshe mshahara wake nitie chumvi."

Kicheko kilipopoa niliwaeleza tena, polepole, kwamba makadirio si lengo wala ahadi. Hakuna atakayeleta mafuta kwa sababu nimeandika kubwa, na hakuna atakayeyazuia kwa sababu nimeandika dogo. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Sasa mwanangu, kama karatasi yako haileti kitu wala haizuii kitu, wewe waogopa nini kuandika kubwa?"

Nilisema nitaangalia, neno wanalosema watu wa ofisini, na wao walilipokea kwa adabu kwa sababu walishalisikia mara nyingi.

Niliporudi Dar, nilimwekea mkuu wa mradi mistari yote miwili mezani. Aliitazama, akafuta miwani, akachukua ule unaopanda.

"Huu hauna msingi," nilisema. "Tanuri halina mafuta, halina mawe, halina hata mlinzi."

"Na ule mwingine una msingi gani?"

"Hali halisi."

"Hali halisi ya leo." Alivuta kiti akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba amechoka. "Sikiliza. Siku moja watakaa huko ng'ambo wagawane nani apunguze na nani aachiwe nafasi ya kukua. Nchi masikini ikijiandikia yenyewe kwamba haitakua, nani atainua mkono kuitetea? Andika tunakua."

Nilitoka ofisini kwake nikiwaza kwamba yeye na kamati ya Ngamiani hawajawahi kuonana, na wanasema kitu kimoja. Niliuandika mstari unaopanda. Siwezi kusema niliuamini. Lakini ule unaolala sakafuni nao sikuuamini tena kwa uhakika ule ule. Kila nilipoutazama niliona alama ya chaki inayosogea.

Mtu wa nyumbani alikuwa anarudi Tanga, nikamtuma amwambie mjomba kwamba hewa imepanda.

Habari ikasambaa. Na bahati, au bahati mbaya, haikupita miezi mingi tangazo likatoka gazetini: mitambo ya kiwanda chetu inauzwa, na wanunuzi kutoka nje wanakuja kuikagua. Si watu wa mizani za chuma chakavu, bali watu wa chokaa hasa, wenye viwanda vyao. Mjomba alinipigia simu kutoka posta, anapiga kelele kama ananiita toka ng'ambo ya mto.

"Karatasi yako imezaa, mwanangu! Njoo uone!"

"Mjomba, karatasi haihusiani..."

"Njoo tu!"

Nilikwenda. Nilipata kisingizio cha kuhakiki takwimu.

Wanunuzi walikuwa wawili, wamefuatana na ofisa wa serikali mwenye begi la mkononi. Wazee walikuwa wamefagia njia, wamekata mipapai, wamepaka magurudumu ya tanuri grisi waliyoitoa wapi sijui. Mnunuzi mmoja alitaka kuona bomba likizunguka. Ofisa aliomba radhi kwamba umeme umekatwa zamani. Mjomba akasema, "Hapana shaka," na wao watatu wakashika mpini, na mimi wa nne, kwa sababu ilionekana vibaya kusimama.

Mnunuzi aliweka kwenye ganda la tanuri kipimo chenye uso kama wa saa, sindano yake ikigusa chuma. Tuligeuza. Yeye akiangalia sindano, sisi tukimwangalia yeye. Aliomba tugeuze zaidi, akahamisha kipimo katikati, ambako lingekuwa limepinda kama lingepinda. Tukageuza tena. Hatimaye akainuka, akamwambia mwenzake neno, na yule akatabasamu akaja kumpiga mjomba begani.

"Anasema limenyooka," ofisa alitafsiri. "Anasema hajawahi kuona tanuri lililosimama muda wote huu likiwa limenyooka hivi. Anauliza mmefanyaje."

Ni Mpemba aliyesema, "Mwambie tuliligeuza."

Basi hapo nikapata jibu la swali langu la siku ya kwanza, nikafurahi kama mtoto, na sikuona aibu. Fundi umeme alikuwa ameanza kuuliza watahitaji watu wangapi, na mafuta yatakuja kwa meli au kwa reli. Ofisa alifungua begi lake akatafuta karatasi. Alikuwa kijana, rika langu, na nilipomwona anajichelewesha nilijua habari si njema.

"Wazee wangu," alisema, "hawa wananunua mitambo. Hawanunui kiwanda."

"Mitambo ndo kiwanda," mjomba alisema.

"Wataifungua, waihamishe. Wana machimbo yao nchi nyingine, na umeme wa uhakika. Kama bomba lingekuwa limepinda wasingelihitaji. Ila kwa kuwa ni zima..." Hakuna aliyemhitaji amalize.

Wageni walipoondoka tulibaki pale chini ya tanuri. Kisha fundi umeme akapiga teke mpini ule.

"Tungeliacha lipinde lingebaki."

"Lingebaki chuma," mjomba alisema.

"Chuma chetu! Nyie wazee mmemtunza mwali, mmemsinga, mmemwogesha, kaja mtu kaposa kachukua. Na bado hawajachukua. Gurudumu moja tu tukililegeza, bomba likae upande wiki mbili tatu mpaka mafundi wao waje. Nani atajua?"

Nilimtazama mjomba. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na sikuwa na hakika atasema nini. Mimi mwenyewe, kwa dakika ile, nilikuwa upande wa fundi umeme. Nilikuwa nimegeuza tanuri lile kwa mikono yangu, na kama angenipa spana ningeipokea.

Mpemba ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti. "Mie sikuligeuza ili likae Tanga. Niligeuza lipate kuwaka."

"Litawaka kwa watu!"

"Na sisi ni nani? Nawe ukitaka lipinde, lipinde, lakini mie mkono wangu huo haumo."

Mjomba hakutoa hotuba. Alichukua baiskeli yake akaenda nyumbani, akajifungia. Asubuhi yake alikwenda kiwandani mapema kuliko kawaida, na tulipomfuata tulimkuta yuko juu ya jukwaa, ana nyundo na patasi ya chuma, anagonga alama. Mafundi wa wanunuzi wangelikata bomba vipande ili liingie kwenye meli. Yeye alikuwa anapita kila kiungio cha zamani, anachonga namba upande huu na namba ile ile upande wa pili, na mstari unaovuka katikati, ili kila kipande kirudi mahali pake na kwa ubavu wake.

"Chaki itafutika baharini," aliniambia toka juu. "Na wakiliunga limekengeuka hata kidogo litatembea kama mlevi."

Fundi umeme alisimama pale chini akitazama, mikono kiunoni. Kisha akatukana, akapanda kumshikia ngazi.

Tanuri lilipokwisha kuondoka, nilikuwepo Ngamiani. Asubuhi ile mjomba aliamka saa yake ile ile, akavaa, akakaa kwenye mkeka uani. Mkaza mjomba, aliyekuwa amelalamika miaka yote ile, alizunguka na karai lake hajui amwepuke vipi mtu ambaye saa hizo hakuwahi kuwepo njiani.

"Hutoki?" alimuuliza mwishowe.

"Nitoke niende wapi?"

Alimtazama kidogo, akamwekea vitumbua kwenye kisahani, vile vya kwanza, ambavyo siku zote vilikuwa vya wateja. Kisha akaketi karibu naye, na unga ukawa unangoja.

Mimi nilikuwa na karatasi zangu magotini. Mstari wangu uliopanda ulikuwa hauna tena tanuri la kuupandisha. Mjomba aliniuliza nitafanya nini nao.

"Nitaukata. Hewa ya tanuri itahesabiwa huko litakakowashwa."

"Kwa hiyo hewa yetu itaandikwa kwao?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na sisi?"

"Sisi hatutakuwa na kitu. Nitatoa safu nzima."

Alitafuna, akameza. "Usiitoe. Weka sifuri, lakini jina liache."

Mkuu wa mradi alipinga. Kwanza hakutaka sifuri kabisa; alisema tanuri jingine litakuja, soko huria ndiyo kwanza linaanza. Nilimwambia likija litaandikwa. Kisha akasema basi safu iondolewe, kwani safu ya sifuri tupu inapoteza karatasi. Tulibishana mchana mzima, na nadhani aliniachia kwa sababu ya uchovu tu. Kati ya tarakimu zote nilizoandika kwenye mradi ule, zile ndizo pekee ambazo sikuzitilia shaka, nami kuzipigania kuliniuma kwa namna ambayo chuoni hawakutufundisha.

Ripoti ilipochapishwa nilimpelekea mjomba nakala. Ilikuwa nene, imeandikwa Kiingereza ambacho hakukisoma vizuri, lakini jedwali alilijua. Siku aliyoipokea alimwita Mpemba. Walikaa barazani, wamevaa miwani yao, wakafunua kurasa za ng'ombe, za mpunga, za magari, wakilamba vidole, mpaka wakafika kwenye chokaa. Mjomba akaweka kidole kwenye jina la kiwanda na kukipeleka taratibu kulia, juu ya sifuri moja baada ya nyingine, hadi pembeni ya ukurasa.

Mpemba aliinama akasogeza uso karibu. Aliifuata safu yote hadi mwisho wake, akarudi mwanzo, akalisoma jina tena.

"Tumo," alisema.

"Tumo," mjomba akaitika, na akamwita mkewe naye aje aone.